Doa jeupe kwenye fedha: sarafu zipi za kuweka Lamu, na za kuwekewa nini

Sarafu imetoka kwenye mkebe wake ikimeremeta, ikafungiwa sandukuni, na miezi minane baadaye inafunguliwa ikiwa na doa jeupe kwenye shavu la malkia, mfano wa tone la maziwa lililokaukia. Hakuna aliyeigusa. Mwenyewe hujiuliza mawili: je, nimeuziwa bandia? Na niisugue kwa kitu gani? La kwanza, hapana, doa hilo si alama ya ubandia. La pili, usiisugue kwa chochote.

Tathmini hii ni ya sarafu za fedha za aunsi moja, zile ambazo wengi huletewa na jamaa walioko Ulaya au Ghuba, pamoja na vifaa vya kuzihifadhia na dawa za kuzisafishia. Kipimo chetu ni cha mji wa bahari: chumvi hewani, kuta za mawe ya matumbawe, matope ya mikoko. Na msimamo wetu tuuseme mapema. Doa jeupe sarafu hutoka nalo kiwandani. Weusi hutiwa nyumbani. Kwa hilo la kwanza huna la kufanya ila kununua kwa akili, na hili la pili limo mikononi mwako lote. Watu wengi hufanya kinyume: hulipa zaidi ili wapate sarafu isiyo na doa, kisha wakaifunga kwenye nailoni ya bei rahisi ikawa kijani.

Doa lenyewe hutokeaje? Sarafu huanza kama utepe wa fedha unaokatwa visahani vya duara. Visahani huoshwa kwa kemikali ili mafuta ya mashine yatoke, hupashwa moto katika tanuri ili vilainike, halafu hupigwa chapa kati ya mihuri miwili kwa nguvu nyingi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mabaki ya kemikali ya kuoshea, yasiposuuzwa yakaisha, hupikwa juu ya fedha ndani ya tanuri, na muhuri ukipiga huyakandamiza kwenye ngozi ya sarafu. Hapo hayaonekani. Hujitokeza baadaye, baada ya miezi na pengine miaka. Ndiyo sababu ndani ya mkebe mmoja, wa mwaka mmoja, sarafu moja hutoka mbalanga na jirani yake ikabaki safi. Ndiyo sababu pia doa hutokea ndani ya mkebe ambao haujawahi kufunguliwa, na muuzaji aliyekuuzia ikiwa safi si lazima awe alikudanganya.

Kabla ya kuliita doa la maziwa, liangalie vizuri. Kinachohitajika ni lenzi ya sonara ya kukuza mara 10, na taa moja iliyowekwa ubavuni. Zima taa nyingine, shika sarafu kwa ukingo, igeuzegeuze polepole. Doa la maziwa ni jeupe au la rangi ya majivu, halina mng'ao kwa pembe yoyote, na chini ya lenzi halina kilima wala shimo. Weusi wa kawaida una tabia nyingine: huanzia ukingoni ukielekea kati, kwanza manjano ya samli, kisha kahawia, zambarau, bluu, mwisho mweusi. Huo ni utando wa salfaidi ya fedha, na rangi zinatokana na unene wake tu. Kadiri unavyonenepa ndivyo rangi inavyobadilika. Ukiona kijani chenye kunata, hasa kwenye mifereji ya herufi, ni mafuta ya plastiki laini ya PVC yaliyovuja juu ya sarafu. Vijidoa vidogo vya kahawia vilivyotapakaa kama manyunyu ni mate ya mtu aliyezungumza akiwa ameinamia sarafu. Kijivu chenye zambarau kisichong'aa, na kinachozidi kuiva kikikaa mwangani, ni kloridi ya fedha, yaani kazi ya chumvi. Na nukta nyeusi ngumu iliyozama ni uchafu uliokandamizwa wakati wa kupiga chapa. Hiyo nayo ni ya kiwandani, haitoki.

Kati ya hayo yote, ni doa la maziwa na nukta iliyozama tu ambavyo mwenye sarafu hana hatia navyo.

Sasa sarafu zenyewe.

Maple Leaf ya Kanada ndiyo ya kuzungumziwa kwa urefu, kwa sababu ndiyo iliyolifanya tatizo hili lijulikane. Hutolewa tangu 1988, ina fedha ya 9999 katika 10,000, kipenyo chake milimita 38, na thamani iliyoandikwa ni dola 5 za Kanada. Wengi hudhani usafi huo ungeikinga. Haukingi, kwa sababu doa halitoki ndani ya fedha, linatoka kwenye kilichobaki juu yake. Kwa miaka mingi Maple ilikuwa mfano wa kwanza wa kutajwa kila yalipozungumzwa madoa meupe. Mwaka 2018 kiwanda chake kilianza kutumia kinga kiliyoiita MintShield, iliyokusudiwa hasa kuyapunguza. Lichukue neno hilo kama lilivyo: kupunguza. Wala hakuna alama ya kinga hiyo utakayoiona juu ya sarafu. Unachotazama ni mwaka. Iliyoandikwa 2018 au baadaye ina nafasi nzuri zaidi ya kubaki safi. Ya kabla ya hapo, ichukulie kwamba doa limo njiani hata kama leo haina.

Maple ina sifa nyingine inayomfaa mnunuzi wa huku, ambako mashine ya kupimia madini haipatikani kila mtaa. Tangu 2014 ina jani dogo lililochongwa kwa leza upande wa jani kubwa, na ndani yake tarakimu mbili za mwaka, zinazosomeka kwa lenzi. Uwanja wake, yaani sehemu tupu inayozunguka picha, umechorwa mistari ya miale iliyo karibu karibu. Miale hiyo huvunja mwanga, kwa hivyo doa dogo hupotea humo. Lakini doa kubwa huonekana zaidi, kwa kuwa huikata miale kama kovu. Mikebe yake huchukua sarafu 25.

Kwa anayetaka uzito wa fedha tu, pendekezo letu ni Maple ya zamani yenye madoa, alimradi inauzwa kwa nyongeza ndogo juu ya bei ya fedha ya siku hiyo. Wafanyabiashara wa nje huziuza hivyo, na wengine huzitenga kabisa katika fungu lake. Doa limeshatoka, hakuna tena la kukushtua. Aunsi ni ile ile, gramu 31.1.

Philharmonic ya Austria hutolewa kwa fedha tangu 2008, usafi 999 katika 1,000, thamani euro 1.50, kipenyo milimita 37. Nayo hupata madoa, asikudanganye mtu. Ina mambo mawili ya kuipendelea: ukingo wake ni laini bila meno, kwa hivyo hakuna mifereji ya kushika uchafu na chumvi, na upande wa ala za muziki umejaa michoro hivi kwamba doa la ukubwa wa punje ya mtama halionekani mpaka ulitafute. Kwa aliye na ndugu Ulaya, mara nyingi ni miongoni mwa zenye nyongeza ndogo. Angalia tu kwamba mkebe wake ni wa sarafu 20, si 25. Anayehesabu mikebe bila kuhesabu sarafu hujikuta amepungukiwa.

Britannia ya Uingereza inahitaji uangalifu wa mwaka. Kuanzia 1997 hadi 2012 ilikuwa fedha 958, na salio ni hasa shaba. Kuanzia 2013 ni 999. Zile za 958 hubadilika rangi upesi zaidi kwenye hewa yetu kwa sababu ya hiyo shaba. Za 999 hupata doa jeupe kama wenzake. Tangu 2021 zimewekewa michoro ya usalama, ikiwemo picha ndogo inayogeuka kati ya kufuli na mkuki wa meno matatu unapoinamisha sarafu. Ni njia nzuri ya kuithibitisha bila kifaa. Kwa Lamu tungechukua za 2021 kuendelea na kuziacha za 958 kwa wakusanyaji.

Eagle ya Marekani, tangu 1986, 999, milimita 40.6, ni nzuri kwa sura, na madoa huipata pia japo si kwa sifa mbaya kama ya Maple ya zamani. Tatizo lake ni nyongeza. Anayelipa ziada hiyo anailipia soko la Marekani. Ukija kuiuza hapa kwa sonara, atakulipa fedha, hatakulipa tai.

Krugerrand ya fedha ya Afrika Kusini ilianza 2017, nusu karne baada ya ile ya dhahabu. Usafi 999. Haikuepuka madoa. Nyingineyo ni Kangaroo ya Australia, 9999, ambayo uwanja wake una miale kama ya Maple, na tunaiweka juu kidogo kwa usafi wa uso. Ndovu ya Somalia, ya shilingi 100 za jirani zetu, kwa kweli hupigwa Ujerumani, Bavaria. Hupendwa huku kwa sura yake, na hilo latosha kuwa sababu, ila usilipe bei ya mkusanyaji ukidhani unanunua kinga.

Riale ya Maria Theresa haishindani na hizi, lakini kwa kuwa pwani hii iliwahi kuitumia, na bado hupatikana kwenye mikufu ya bibi zetu, tuitaje. Tarehe yake ni 1780 hata kwa zile zilizopigwa miaka mingi baadaye, uzito wake gramu 28.07, usafi 833, kwa hivyo fedha halisi ndani yake ni karibu gramu 23.4. Anayeihesabu kama aunsi moja anajipunja robo nzima. Ile shaba yake huipa wekundu wa chini na weusi wa haraka, lakini huo ndio uso wake, na riale iliyosuguliwa ikang'aa huwa imepoteza zaidi ya ilichopata.

Hewa ya Lamu haina huruma kwa fedha, na si chumvi peke yake. Maji yanapokupwa, matope ya mikoko hutoa ile harufu ya yai viza. Hiyo ni hidrojeni salfaidi, gesi ile ile inayofanya fedha iwe nyeusi, na inatosha kiasi kidogo sana. Nyumba iliyoelekea mkondo wenye mikoko itatia sarafu manjano mapema kuliko nyumba iliyo juu mtaani. Ongeza unyevu wa masika, unaoipa gesi maji ya kufanyia kazi, na chembe za chumvi zinazoletwa na kusi. Ukuta wa matumbawe uliopakwa chokaa huvuta unyevu na chumvi kutoka chini. Kidaka cha ukutani ni mahali pazuri pa kuweka sahani za kale, si pa kuweka fedha. Sanduku likae ghorofa ya juu, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, juu ya kibao. Na lisikae jikoni wala karibu yake: mayai na vitunguu vina salfa, moshi wa mkaa pia, na moshi wa udi huacha utando wa mafuta unaonasa vumbi.

Safari ya boti ni hatari ya peke yake. Kutoka Mokowe au uwanja wa ndege wa Manda, mzigo hupigwa na manyunyu hata siku ya shwari. Mikebe ifungwe ndani ya mifuko miwili ya kubana mdomo, mmoja ndani ya mwingine, na isifunguliwe mpaka ifike ndani. Kama ilikaa kwenye chumba cha kiyoyozi, iache saa mbili tatu ipate joto la chumba kabla ya kufungua. La sivyo sarafu baridi itatoa jasho, na jasho hilo likikauka huacha alama.

Tuje kwenye vifaa vya kuhifadhia, ambako pesa nyingi hupotea bure.

Mkebe wa kiwandani ndio bora kwa bei yake, na mara nyingi huja bure. Ni plastiki ngumu isiyotoa kemikali, unabana vya kutosha, na sarafu hazichezi ndani. Kasoro yake ni kwamba sarafu zinagusana. Zikitikiswa, meno ya moja hukwaruza uso wa nyingine. Ukiondoa sarafu chache, jaza nafasi kwa kipande cha povu la poliethilini au karatasi isiyo na asidi, si kwa pamba wala gazeti.

Kapsuli ya akriliki ni nzuri kwa sarafu moja moja. Kipimo ni kila kitu: Philharmonic ni 37, Maple 38, Eagle 40.6. Kapsuli kubwa hata kwa milimita moja huiacha sarafu ikicheza na kujisugua. Zile zenye pete ya povu jeusi ndani, zinazodai kufaa sarafu za vipimo vingi, tunazikataa kwa hewa hii. Povu lisilojulikana limetengenezwa na nini linaweza kuwa na salfa, na matokeo yake ni pete ya kahawia ukingoni mwa sarafu ndani ya mwaka. Na kapsuli haizuii hewa kabisa. Huzuia vidole, vumbi na chumvi ya moja kwa moja. Gesi hupenya taratibu. Kwa hivyo kapsuli lazima iwe ndani ya sanduku la kubana.

Mifuko laini ya plastiki, ile ya mraba yenye vyumba viwili inayouzwa kwa mia, ndiyo adui mkubwa. Mingi ni PVC iliyolainishwa kwa mafuta, na mafuta hayo hutoka, hasa kwenye joto. Ipime hivi: inukapo kama pazia jipya la bafu, iweke pembeni. Kwa uhakika zaidi, pasha waya wa shaba kwenye moto mpaka uwe mwekundu, uguse plastiki, uurudishe motoni. Moto ukitoka wa kijani, plastiki ina klorini. Fanya nje, kipande kidogo, wala usivute moshi wake. Vile vikadi vya karatasi vyenye dirisha, vinavyofungwa kwa pini za stepla, kwingine ni vya kawaida. Lamu pini zinaota kutu kabla ya masika ya pili, na kutu ikigusa fedha inaacha doa.

Vifuko vya silika vinafanya kazi, kwa sharti moja: sanduku libane. Kwenye kasha la mbao lenye mianya, unajaribu kukausha Bahari ya Hindi. Sanduku la plastiki la chakula lenye kifuniko cha mpira na makufuli manne linafaa, ila ule mpira nao una neno: ukiwa na harufu kali ya mpira, tafuta lenye mpira wa silikoni. Kwa sanduku la lita 5 weka gramu 50 za silika yenye kubadili rangi. Ya machungwa ikigeuka kijani, itandaze kwenye trei na kuikausha kwenye ovena kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, irudishe. Lengo ni unyevu wa chini ya asilimia 50. Kipimo kidogo cha unyevu ndani ya sanduku kitakwambia ukweli. Mchele mkavu, unaopendekezwa na kila mtu, hufyonza kidogo na kuleta vumbi na fukusi.

Vipande vya kufyonza salfa, kama vile vya kampuni ya 3M au mifuko ya Intercept, ndiyo ununuzi tunaouunga mkono kuliko wote kwa nyumba iliyo karibu na mikoko, kwa sababu silika hufyonza maji tu, haimgusi adui mwenyewe. Kipande kimoja kwa sanduku dogo kinatosha, kisiguse sarafu. Andika tarehe juu yake na ukibadilishe baada ya miezi 6. Hakitazuia doa la maziwa hata kwa siku moja, na muuzaji anayesema kitazuia hajui anachokiuza.

Hivi visiguse fedha hata kidogo: mipira ya kufungia noti, glavu za mpira wa asili, sufi, pochi ya ngozi, gazeti. Vyote vina salfa au asidi. Glavu za pamba au za nitrili ndizo zinazofaa, na usizungumze juu ya sarafu.

Upande wa dawa za kusafishia, orodha ya zinazofaa ni fupi.

Asetoni tupu ndiyo pekee tunayoipa alama kamili, na kwa kazi moja: kuondoa PVC, mafuta ya vidole na gundi. Haiigusi fedha yenyewe. Tumia bakuli la kioo, kwa sababu plastiki itayeyuka. Loweka dakika 10, hamishia bakuli la pili lenye asetoni mpya kwa dakika 2, toa kwa kibanio chenye ncha za plastiki isiyoyeyuka au mianzi, iache ikauke yenyewe juu ya taulo. Usifute. Dirisha wazi, na jiko la mkaa liwe mbali kabisa. Mvuke wake hushika moto kwa cheche. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha siyo mbadala: nyingi zina manukato na mafuta, na ikikauka unabaki na utando mpya. Kwa doa la maziwa, asetoni haifanyi lolote.

Foili ya alumini na bikaboneti ya soda huondoa weusi kwa kuirudisha salfaidi kuwa fedha, badala ya kuikwangua. Tandaza foili ndani ya bakuli, upande unaong'aa juu au chini ni sawa. Tia kijiko kimoja cha mezani cha bikaboneti na kimoja cha chumvi kwa lita moja ya maji ya moto. Sarafu iguse foili. Isipogusa hakuna kitakachotokea, na hilo ndilo kosa la wengi. Dakika 1 hadi 3 zatosha. Ile harufu ya yai viza itakayotoka ni salfa ikiondoka. Suuza kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya betri, mara mbili, kwa sababu maji ya kisima cha Lamu yana chumvi, na chumvi iliyobaki itarudi kukudai. Kinachoharibika: weusi uliokomaa huacha uso mfu wa kijivu, na sarafu iliyokuwa na rangi nzuri za ukingoni huzipoteza. Kwa riale na vipuli vilivyochongwa, usithubutu. Weusi wa mifereji ndio unaoonyesha mchongo.

Dawa za maji za kuchovya, zenye thayourea na asidi, hung'arisha kwa sekunde 5. Lakini hula kidogo cha fedha pamoja na weusi, na kila ukichovya ule mng'ao unaozunguka sarafu inapogeuzwa hupungua mpaka ukaisha. Nyota moja, na hiyo kwa haraka yake tu.

Ama ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya meno na kifutio cha penseli, yaachie masufuria. Kifutio kinahitaji neno la ziada, kwa maana kweli huweza kulifuta doa la maziwa lililo juu juu. Linatoka pamoja na ngozi ya sarafu. Ukilitazama kwa lenzi utaona uwanja wa mikwaruzo ya upande mmoja, na mnunuzi anayejua ataishusha sarafu hiyo chini ya mwenzake mwenye doa. Doa ni la kiwanda na kila mtu analijua. Mikwaruzo ni ya mtu.

Bei, basi. Unaponunua, doa jeupe lipunguze nyongeza, lisipunguze bei ya fedha iliyomo. Muuzaji anayetaka nyongeza kamili kwa Maple ya 2012 yenye mbalanga anakuonea. Mnunuzi anayetaka kukata chini ya bei ya fedha kwa sababu ya doa naye anakuonea vile vile. Doa halina uzito wa kupimika. Sarafu yenye PVC au alama za kifutio ni mazungumzo mengine, na ya Eagle au Kookaburra (sarafu ya Australia yenye picha ya ndege) inayouzwa kwa mkusanyaji ni mengine tena, maana huko uso ndio bidhaa.

Kwa sonara wa Lamu doa halimhusu kabisa. Atapima kwa mizani, atahakikisha kwa jiwe na dawa, ataitia kwenye chungu cha moto. Fedha 999 ni laini mno kwa pete ya kila siku, hasa ile ya kushikilia kigae cha sahani ya kale, hivyo aunsi moja ya gramu 31.1 huongezewa karibu gramu 2.5 za shaba ili ishuke kuwa 925, ikatoka gramu 33.6 za kazi. Mwulize kabla hajawasha moto atakata ngapi kwa upotevu wa kuyeyusha, na mkubaliane kwa gramu, si kwa sarafu. Na kama umemletea riale, mwambie mapema, maana hiyo ya 833 ndiyo inayohitaji kuongezewa fedha, si shaba.